Mnyama Aliyekuja Kunywa: Safari ya Garissa Mwaka wa Ukame



Sisi watu wa pwani tunaujua mto Tana kwa mwisho wake, pale Kipini, maji yake mekundu yanapokutana na bahari. Ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuufuata kuelekea unakotoka. Mnamo Novemba 2022 tuliufuata, wanawake sita wa darasa moja la Mombasa. Tulikuwa tumekusanya sadaka ya maji kwa ajili ya ndugu zetu wa Garissa, na baadhi yetu walitaka fedha zitumwe kwa simu, yaishe. Wengine tukasema kwamba anayetoa maji ni vizuri amwone mwenye kiu. Rai hiyo ndiyo iliyoshinda.

Basi liliondoka baada ya sala ya alfajiri. Tulipita Malindi, tukapita Garsen, tukapita Hola, na kila tulipozidi kwenda minazi ilipungua, kisha mikoko ya kumbukumbu ikatuacha kabisa, ikabaki miiba na mchanga mwekundu. Kwenye vizuizi vya askari tulishuka na vitambulisho mkononi, tukapanda tena. Kando ya barabara tuliiona mizoga ya ng'ombe imekauka kama ngozi iliyoanikwa, na hapakuwa na harufu. Jua lilikuwa limekwisha kuila harufu yenyewe. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipouvuka mto na kuingia mjini, wakati wa alasiri.

Mwenyeji wetu ni mama wa Kisomali aliyemwoza binti yake kwetu Mombasa. Sote tulimwita Hooyo, yaani mama, kama anavyoitwa na wanawe. Alitupokea kwa anjera na chai ya maziwa ya ngamia, na tulijua kuwa maziwa hayo mwaka ule si kitu cha kumpa mgeni bila kujinyima. Wakati huo Garissa ilikuwa inaingia msimu wa tano mfululizo bila mvua ya kutosha. Serikali ilikuwa imeutangaza ukame kuwa janga la taifa tangu Septemba 2021. Katika soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, wazee walisimama na ng'ombe ambao hakuna aliyewauliza bei. Mikokoteni ya punda ilipita tangu alfajiri hadi magharibi, imebeba mitungi ya maji kutoka mtoni.

Tulikwenda kuwatazama watu, na watu tuliwaona. Lakini jambo lililotushughulisha njia nzima ya kurudi, na ambalo tumeona inafaa tuwaandikie, lilihusu wanyama wa mwituni na wale wanaowavizia. Ili lieleweke, hatuna budi kwanza kueleza historia ya nchi ile.

Mwaka 1888 Mwingereza mmoja, H.C.V. Hunter, alifika katika nchi ya mto Tana akiwinda. Alimkuta swala wa rangi ya mchanga, mwenye pembe ndefu zilizopinda, na mstari mweupe baina ya macho unaomfanya aonekane kama aliyevaa miwani. Wenyeji walimjua tangu zama za mababu zao, bali wataalamu wa Ulaya hawakuwa na habari naye. Mwaka 1889 Philip Sclater wa London alimtangaza kwa walimwengu, akampa jina la yule mwindaji. Hadi leo vitabu vya elimu ya wanyama humwita swala wa Hunter, ingawa sisi tunamjua zaidi kwa jina la hirola. Mnyama huyu hapatikani penginepo kiasili ila katika eneo hili la kaskazini mashariki ya Kenya na mpaka wa Somalia.

Enzi za ukoloni ziliendelea kwa mtindo huo. Mtu aliyelipia leseni alipiga risasi mnyama dume mwenye pembe kubwa kuliko wenzake, akakata kichwa, akakitundika ukutani kwake ng'ambo. Kichwa hicho ndicho kinachoitwa nyara. Mtu aliyekuwa na fedha za leseni aliitwa mwindaji, na mwenye upinde aliyetafuta kitoweo cha wanawe aliitwa jangili. Mnamo Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliendeleza katazo hilo, hata kwa anayewinda ili apate nyama.

Katika nchi nyingine uwindaji wa nyara bado ni halali. Magharibi mwa Marekani kuna kulungu mkubwa aitwaye elk, ambaye dume lake hubeba pembe zenye matawi mengi. Serikali za majimbo hupanga idadi ya leseni kila mwaka, na watu husafiri kutoka mbali kwa ajili ya dume moja. Ukija ukame mkali malisho hupungua, na pembe huweza kukua kwa udhaifu. Lakini pia maji huwa machache, na wanyama hulazimika kurudi pale pale penye dimbwi. Mwindaji hahitaji tena kufuata nyayo milimani. Hujificha karibu na maji akangoja. Miongoni mwa wawindaji wenyewe wako wanaouliza kama huko bado ni kuwinda.

Swali hilo tulilikuta Garissa, ingawa kwa sura nyingine.

Siku ya pili tulipanda gari pamoja na lori la maji tulilolilipia, tukaelekea kijiji kimoja kusini mwa mji. Lambo la kijiji lilikuwa limekauka, limebaki tope lililopasuka vipande vipande kama vigae. Tulionywa tusilisogelee. Tulielewa sababu, kwa kuwa sote tulikuwa tumeiona ile picha iliyozunguka dunia Desemba 2021, ya twiga sita waliokufa karibu na hifadhi ya Sabuli, kaunti ya Wajir. Walikwenda kwenye bwawa lililokaribia kukauka, wakiwa dhaifu kwa njaa na kiu, wakanasa kwenye tope na kufa. Miili yao ilisogezwa kando ili maji yaliyobaki yasichafuke.

Lori lilipofika wanawake walijipanga na mitungi yao, kila nyumba kwa kipimo chake, bila ya kusukumana. Tulisimama kando tukitazama. Ndipo tulipoona kwamba kila mwanamke, akishajaza mitungi, huchota kopo moja kutoka katika fungu lake na kulimimina kwenye birika la saruji lililojengwa zamani kwa ajili ya kunyweshea mbuzi. Mbuzi walikuwa wamekwisha kufa takriban wote. Tulimwuliza Hooyo maji yale ni ya nani.

Alisema kwamba ni ya twiga.

Mmoja wetu alikunja uso, na haki yake ilikuwapo. Fedha zile zilichangwa na akina mama wa Mombasa, mwingine akitoa faida ya mahamri ya wiki nzima, kwa nia ya watoto wenye kiu. Je, sadaka iliyonuiwa kwa binadamu inaweza kumwagiwa mnyama wa porini? Tulianza kujadiliana kwa sauti ya chini. Mama mmoja wa kijiji, mzee aliyejifunga leso kiunoni, alitusikia na kutaka atafsiriwe. Hooyo alipomweleza, hakukasirika. Alisema: "Maji mkishatupa ni yetu. Na sisi katika kilicho chetu tunatoa sadaka."

Hatukuwa na jibu, na hatukulitafuta.

Jua lilipokaribia kuzama walitokea. Walikuwa twiga watatu, jike wawili na dume mmoja mkubwa, wenye ngozi ya vibati vilivyochorwa kwa mistari myeupe, aina inayopatikana kaskazini mwa Kenya na nchi jirani. Mbavu zao zilihesabika. Katika miaka ya kawaida twiga hunywa kwa nadra, kwani majani ya migunga humpa sehemu kubwa ya maji anayohitaji; migunga ikishakauka, hana hila. Yule dume alisimama mbali kwa muda mrefu akitusikiliza. Kisha akasogea, akaitawanya miguu yake ya mbele, kwanza mmoja na kisha mwingine, mpaka shingo ikafika birikani.

Mtu asiyewahi kuliona jambo hili hajui jinsi mnyama mrefu kuliko wote anavyokuwa dhaifu wakati huo. Hawezi kukimbia mpaka aikusanye miguu yake tena. Hamwoni anayemjia kwa nyuma. Mwenye panga tu anaweza kumfikia.

Na wenye panga wapo, na wenye bunduki wapo. Walituambia kwamba wiki chache kabla yetu gari lilikuja usiku na watu wasiojulikana. Hawakuomba kitu kingine ila waonyeshwe mahali twiga wanapokunywa, na walitaja fedha. Twiga mmoja ni nyama nyingi, na nyama hiyo husafirishwa gizani na kuuzwa mjini. Wazee wa kijiji walikaa kikao usiku ule ule. Jibu lao tulielezwa na mzee mmoja aliyekuwepo: mnyama aliyekuja kunywa kwenye maji yako amekuwa mgeni wako, na mgeni hauzwi. Lile gari likaondoka.

Tungependa kuishia hapo, lakini haingekuwa kweli yote. Alikuwapo kijana wa miaka ishirini hivi, aliyekuwa akifasiri maneno pale Hooyo alipochoka. Familia yake ilikuwa na mbuzi wengi na ng'ombe wa kutosha. Wamebaki na punda mmoja. Mdogo wake wa kike alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Alituambia, bila ya kuficha, kwamba usiku ule wa kikao yeye alitaka wazee wakubali. Fedha zilizotajwa zingemrudisha mdogo wake darasani. "Twiga hanipi kitu," alisema. "Watalii hawafiki hapa. Lakini nikimgusa, nafungwa." Hata hivyo alikuwa miongoni mwa vijana waliolinda birika kwa zamu, kwa sababu wazee walikuwa wamesema, na neno la wazee halirudi.

Tulilala tukilifikiria neno lake. Dini yetu haikukataza kuwinda. Sura ya Al-Maida imeeleza mawindo yaliyo halali, pamoja na wanyama waliofunzwa kuwinda, na imemkataza aliye katika ihramu. Wanazuoni wamekubali kuwinda kwa haja ya chakula, na wamekemea kuua kwa mchezo bila ya manufaa. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Kuhusu twiga mwenyewe, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu na ya ndugu zetu wa Garissa, wametofautiana tangu zamani: wako waliosema nyama yake hailiwi, na wako walioihalalisha. Kwa hiyo kijana yule hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu mwenye haja.

Tena liko kundi ambalo lina haki ya kukumbukwa hapa, nalo ni Waboni, wenyewe hujiita Awer, wakazi wa misitu ya Lamu na kusini mwa Garissa. Hawa ni Waislamu wenzetu. Waliishi kwa upinde, kwa matunda, na kwa kumfuata ndege anayeonyesha asali. Katazo la 1977 liliifunga leseni ya tajiri na upinde wa maskini kwa kufuli moja. Tajiri alikwenda kuwinda nchi nyingine. Mboni hakuwa na nchi nyingine. Tunapousifu uhifadhi, tusisahau kwamba gharama yake hulipwa kwanza na wale wasio na kitu.

Pamoja na hayo, mizani ya haja hubadilika wakati wa ukame. Aliyewinda zamani alishindana na mnyama mwenye nguvu zake, mwenye miguu yake na pua yake, naye aliweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Anayevizia penye dimbwi la mwisho hashindani na chochote. Kiu imekwisha kumkamatia mnyama. Katika eneo takatifu la Makka, kiumbe wa mwituni ana amani kwa sababu ya mahali alipo. Wazee wa kijiji kile, ambao wengi wao hawajajaaliwa kuiona Makka, walimpa mnyama amani kwa sababu ya hali aliyonayo. Na sote tumesomeshwa tangu utotoni kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Siku ya tatu tuliteremka zaidi kusini, kuelekea Ijara. Huko, kando ya mto, jamii ya Wasomali wenyewe imetenga ardhi yao ya malisho kuwa hifadhi ya Ishaqbini, na mwaka 2012 wakapata uzio maalumu kwa ajili ya hirola, wakianza na wanyama 48. Hatukuingia ndani ya uzio, lakini tulizungumza na watu wa eneo lile. Katika miaka ya 1970 hirola walikuwa zaidi ya elfu kumi. Maradhi ya sotoka katika miaka ya 1980, ukame, kupotea kwa nyika ya majani, na risasi za wawindaji haramu viliwapunguza hata leo inakisiwa hawafiki 500 duniani kote.

Watu hawa walikwisha kuwapigania hirola hata mahakamani. Mwaka 1996 serikali ilipoanza kuwahamishia hirola Tsavo, wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu mjini Nairobi wakidai kwamba mnyama huyu ni urithi wa ardhi yao, na mahakama ikazuia asiondolewe. Mwindaji wa 1888 alimchukua swala na kumpa jina lake. Wajukuu wa wenyeji waliomwona akipita walisimama mbele ya hakimu wakasema: huyu ni wetu, aachwe.

Pia huko Ishaqbini ndiko walikoonekana twiga weupe waliotangazwa ulimwenguni mwaka 2017. Machi 2020 mifupa ya jike mweupe na mwanawe ilipatikana. Wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja peke yake. Novemba mwaka huo alifungwa chombo cha kumfuatilia kwenye kipembe chake, ili walinzi wajue kila saa alipo. Tulipoambiwa habari hiyo tulinyamaza. Dume ambaye zamani pembe zake zingetundikwa ukutani, sasa pembe yake imebeba chombo cha kumlinda.

Wiki zile zile Wizara ya Utalii na Wanyamapori ilitoa hesabu ya waliokufa kwa ukame sehemu mbalimbali za Kenya baina ya Februari na Oktoba 2022: tembo 205, nyumbu 512, punda milia 381, nyati 51, twiga 12. Hao ni waliohesabiwa. Mifugo ya wafugaji ilikuwa imekufa kwa mamilioni.

Tulirudi Mombasa na mambo matatu, ambayo tunawaachia ninyi kina mama na watoto wenu.

La kwanza ni la jikoni. Nyama ya magendo ina mnunuzi, na mnunuzi mara nyingi ni mtu wa mjini anayetafuta bei nafuu bila ya kuuliza. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi hatujui imetoka kwa mnyama gani, amechinjwa vipi, wala kama alikuwa mzima. Na wakati wa ukame maradhi kama kimeta huweza kumfikia mlaji. Tuulize kabla ya kununua.

La pili ni kwamba mwaka ule tulilipa karo ya yule binti mdogo, kwa michango ya darasa. Hatukuifanya kuwa zawadi ya kumlinda twiga. Tuliifanya kwa kuwa kaka yake alitwambia ukweli, na mtu anayesema ukweli akiwa na njaa asiachwe peke yake.

La tatu ni lile neno la mama mwenye leso. Tulikwenda Garissa tukidhani sisi ndio watoaji.

Mvua zilirudi mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka huo zikazidi mpaka mafuriko yakakata barabara ya Garissa. Hooyo alitupigia simu akicheka na kulalamika kwa pamoja: jana vumbi, leo matope. Tukamwuliza kama twiga bado wanakuja birikani. Akajibu kwamba hawaji, migunga ina majani. Lakini birika wamelisafisha na kuliziba ufa, kwa kuwa kiangazi kitarudi.

Mwenyezi Mungu azikubali sadaka zetu na zao, na awape ndugu zetu wa kaskazini mashariki mvua ya rehma isiyo na madhara. Amin.